Kabla ya Kuitegemea Wi-Fi ya Windows 11, Kagua Kadi Yako

Watu wengi wanaoniletea kompyuta zao niwawekee Windows 11 huamini kwamba mfumo mpya peke yake utaongeza kasi ya Wi-Fi. Ni kweli kwamba toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, linaitambua Wi-Fi 7, kizazi kipya cha Wi-Fi ambacho huiwezesha kompyuta kuwasiliana na ruta kupitia masafa zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa mfano ya gigahezi 5 na 6, ili msongamano ukizidi upande mmoja data ipite upande mwingine. Hata hivyo, kama kadi ya Wi-Fi, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachowasiliana na ruta, ni ya zamani, au ruta yenyewe haina uwezo huo, hutaona tofauti yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika netsh wlan show drivers, kisha usome mstari unaotaja aina za redio. Ukikuta 802.11be, kadi yako ni ya Wi-Fi 7. Orodha ikiishia 802.11ax, ni ya Wi-Fi 6 au 6E. Na ikiishia 802.11ac, ni ya Wi-Fi 5. Laptopu nyingi huruhusu kadi kubadilishwa, ingawa katika baadhi imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Mwenye kompyuta yenye prosesa ya AMD asikimbilie kununua kadi ya Wi-Fi 7 ya Intel BE200 kwa sababu ya bei, kwani kadi hiyo imekusudiwa kompyuta zenye prosesa za Intel.

Kwa anayetumia bando la simu, nionavyo mimi, kasi si jambo la kwanza. Ingia kwenye Settings, fungua sifa za mtandao unaoutumia, uwashe Metered connection, na Windows itaacha kupakua masasisho mengi bila wewe kujua. Mpangilio huu si mgeni, ulikuwapo tangu Windows 8, lakini ni nadra kuukuta umewashwa.

Jambo moja huwashtua watu baada ya kuhamia 24H2: programu za kuchunguza Wi-Fi za jirani hurudisha orodha tupu. Hazijaharibika. Majina na anwani za ruta zilizo karibu huweza kufichua mahali ulipo, na ndiyo maana Windows sasa hudai ruhusa ya Location (mahali ulipo) kwanza; iruhusu programu unayoiamini, nyingine ziache zikiwa zimezuiwa.