Uliza Muuguzi: Ini la mama na mada yangu ya utafiti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uuguzi, mwaka wa 3. Mama yangu ana miaka 58 na ana sukari kwa mwaka wa sita sasa, anatumia vidonge. Juzi alipigwa ultrasaundi ya tumbo, majibu yakasema ini lina mafuta. Tukaambiwa tusihangaike, ni unene tu. Damu yake: vimeng'enya vya ini AST 48 na ALT 36, chembe sahani (zinazogandisha damu) 210. Je, mafuta ya ini ndiyo yanaleta sukari au sukari ndiyo inaleta mafuta? Pia nimeandika mada ya utafiti: “Ujuzi na mtazamo wa wauguzi kuhusu ini lenye mafuta kwa wagonjwa wa kisukari.” Unaionaje? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mada ingoje, tuanze na mama.

Vyote viwili. Usiku ukiwa umelala, ini ndilo linaloilisha damu sukari, na insulini ndiyo inayoliambia lipunguze. Ini lililojaa mafuta halisikii vizuri. Linaendelea kumwaga sukari hadi alfajiri. Kongosho nalo linaongeza insulini, na insulini ikizidi, ini linatengeneza mafuta mengine. Ndiyo maana utakutana na mgonjwa aliyelala na sukari ya 7 akaamka na 10, anaapa hakugusa kitu. Nilipokuwa kliniki kulikuwa na bibi mmoja wa namna hiyo. Kila akija namuuliza kwa jicho la pembeni, “Chapati ngapi jana, bibi?” Miezi kadhaa nilimwona mwongo. Hakuna aliyekuwa amenifundisha habari za ini, nami sikuuliza.

Roy Taylor, profesa na mtafiti wa kisukari wa Newcastle, Uingereza, aliueleza mzunguko huu mwaka 2008. Mwaka 2011 timu yake ilitoa matokeo ya wagonjwa 11 wa kisukari cha aina ya 2 waliokula chakula kidogo sana, karibu kalori 600 kwa siku. Ndani ya wiki moja tu sukari yao ya asubuhi ilirudi kawaida na mafuta ya ini yakapungua kwa karibu theluthi. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza uitwao DiRECT, 2017: karibu nusu ya waliopewa mpango wa namna hiyo, asilimia 46, walimaliza mwaka bila kisukari na bila dawa zake. Waliowashika mkono walikuwa wauguzi na wataalamu wa lishe wa zahanati za kawaida, baada ya mafunzo mafupi. Hapo pakumbuke, nitaparudia.

Lakini mama asianze kujinyima chakula kwa sababu ameyasikia haya. Baadhi ya vidonge vya sukari humwangusha mtu asipokula. Aende kwa daktari wake kwanza. Akipunguza uzito taratibu, hata asilimia 5 hadi 10, ini litaona tofauti. Soda na juisi ya miwa ziwe za kwanza kuondoka mezani. Na zile chupa za “kusafisha ini” zinazouzwa stendi, mwambie aziache hukohuko.

Sasa zile namba zake. Chukua kalamu. Umri mara AST: 58 × 48 = 2784. Kipeuo cha pili cha ALT, yaani cha 36, ni 6. Zidisha kwa chembe sahani 210, unapata 1260. Gawanya: 2.21. Hii inaitwa FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini. Chini ya 1.3 tungetulia, juu ya 2.67 tungekuwa na wasiwasi mkubwa wa makovu. Mama yuko katikati, kwa hiyo “tusihangaike” haitoshi. Aombe kipimo cha ugumu wa ini, na homa ya ini B na C zipimwe kama hazijapimwa. Umeona ALT yake haina kelele? Ndiyo inayotudanganya.

Haya, mada yako. Sijaipenda. Nimesimamia tafiti nyingi za “ujuzi na mtazamo” na najua dodoso linavyojazwa: zamu inabadilishana, mmoja anasoma swali kwa sauti, wenzake watatu wanaweka vema palepale alipoweka yeye. Mwishoni mnaandika wauguzi wapatiwe mafunzo zaidi. Sentensi hiyo ungeweza kuiandika leo bila kutoka bwenini.

Wewe fungua majalada. Ukishapata kibali cha maadili, nenda kliniki ya sukari, hesabu majalada yenye umri, AST, ALT na chembe sahani vyote vinne, kisha tazama mangapi yana FIB-4 iliyokokotolewa. Chama cha Kisukari cha Marekani kinataka wenye kisukari cha aina ya 2 wapimwe hivyo hata vimeng'enya vya ini vikiwa sawa, na hesabu yenyewe haihitaji mashine zaidi ya simu. Halafu wafundishe wauguzi wa pale kwa nusu saa, ukianza na namba za mgonjwa wa kubuni, ukiwapa na futi ya fundi cherehani wapime viuno: zaidi ya sentimita 94 kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke, hapo panatiliwa shaka. Baada ya miezi miwili rudi ufungue majalada mapya. Kilichobadilika ndani ya majalada ndiyo matokeo yako. Matokeo ya DiRECT hayakupimwa kwa mtazamo wa wauguzi. Walipewa kazi, na kazi ikapimwa.

Msimamizi akisema sampuli ni ndogo, mwambie Taylor alianza na 11. Asipocheka, ongeza majalada.