Fundi anataka niweke i7, nikubali?

*Swali:* Sasa mhariri. Niko na Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama, niliinunua ex-UK. Ndani kuna prosesa ya i5-3470, RAM 4GB na hadidiski ya 500GB. Nimeweka kando elfu kumi na tano nataka kucheza GTA V na FC, ile gemu ya mpira, na mabeshte wikendi badala ya kulipia PS kila saa. Fundi mmoja wa Luthuli anasema nianze na prosesa ya i7 ndio mashine ipate nguvu, mwingine anasema niachane na hiyo anipatie kadi ya grafiksi ya RX 580 ya kutumika, bei ya kutupa. Nimfuate nani? – *Kijana wa Umoja*

*Jibu:* Kijana wa Umoja, usimfuate hata mmoja. Kabla hujatoa shilingi, zima mashine, chomoa stima, fungua kifuniko usome stika ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa stima ndani. Kwa 7010 kama yako utakuta imeandikwa wati 275, na ukitafuta ile kebo ya kuchomeka kwenye kadi ya grafiksi hutaiona, kwa sababu hii mashine ilitoka 2012 ikitengenezewa karani na Excel yake, si mtu wa GTA. Hiyo stika ndiyo itakuambia unaweza kununua nini na nini hapana, si fundi.

Hebu tupige hesabu. Ile slot ya grafiksi kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine) inatoa wati 75 mwisho. i5 yako imepimwa wati 77. Hizo ni 152, weka feni, diski, RAM, kibodi na mausi, bado uko mbali na 275. Sasa chukua hiyo RX 580 ya bei ya kutupa: yenyewe pekee ni wati 185, jumlisha na prosesa ni 262, umebakisha 13 za vitu vingine vyote. Fundi atakuambia kuna adapta ya kutoa stima kwenye kebo ya diski, na kweli zipo na ni pesa ya chai, lakini kebo ya diski haikutengenezewa mzigo kama huo, waya zinapata joto polepole, mashine inazima ukiwa katikati ya misheni, na siku ikiamua kuharibika inaweza kuondoka na madabodi pia. Kama ni lazima RX 580 basi nunua na pawa saplai ya maana, na hapo una bahati maana 7010 ya kusimama inakubali ile ya kawaida ya pini 24. Wenye 7020 na 9020 wasikimbilie hii ushauri, hizo zina pini 8 za Dell mwenyewe na utahitaji adapta yake maalum. Ila kwa elfu kumi na tano kadi na pawa saplai nzuri pamoja, sioni ukifika.

Kwa hivyo unatafuta kadi ambayo haina tundu la stima juu yake, inayokula kutoka kwa slot peke yake. Jina la kuuliza ni GTX 1050 Ti ya 4GB, ilitoka 2016, na ukikutana na GTX 1650 ya 2019 kwa bei unayoweza, hiyo ni bora zaidi. Iangalie kwa macho kabla ya kulipa, kuna matoleo ya hizo kadi yaliyowekewa tundu la pini 6 na hayo hayakufai. GT 710 mtu asikuuzie hata akikuongezea soda, hiyo kazi yake ni kuwasha monita tu.

Sasa kuhusu i7. i7-3770 inaingia kwa madabodi yako bila shida, sikatai, lakini ina core nne (sehemu za ndani za kupiga kazi) kama yako, tofauti kubwa ni kwamba inabeba kazi nane kwa mpigo badala ya nne. Na wewe umesema GTA V. Ile ya kwanza ya PC ya 2015, ambayo siku hizi wanaiita Legacy, Rockstar wenyewe, waliotengeneza gemu, kwenye orodha ya mashine wanayopendekeza waliandika i5-3470. Ndiyo hiyo hiyo umekalia. Kadi waliandika GTX 660 ya 2GB, na 1050 Ti inaipita hiyo. Mahali unaanguka ni RAM, walisema 8GB na wewe uko na 4. Ile GTA V mpya ya 2025 wanayoiita Enhanced ni habari nyingine, hiyo usiifikirie.

Kwa hivyo RAM ndio ya kununua kwanza, kesho kama unataka. Tafuta kijiti kingine cha 4GB, DDR3 ya desktop, sio ya laptop, spidi sawa na chako. Vikiwa viwili kwenye matundu ya rangi moja prosesa inasoma vyote kwa pamoja na gemu haikwamikwami sana. DDR3 haiwekwi tena kwenye mashine mpya kwa hivyo utapata za kutumika, na RAM ya kutumika mimi siiogopi, ikiwaka na ikapita test ya kumbukumbu inakaa miaka. SSD ya 240GB, ile diski ya kasi, ifuate kama pesa itabaki. Haitaongeza fremu hata moja (picha za gemu kwa sekunde) lakini GTA pekee inameza zaidi ya 70GB, na kwa hiyo hadidiski ya zamani utakuwa unapika ugali ikiendelea kufunguka.

Kuhusu FC sasa, pole. FC 24 na FC 25 kwa kadi zinaanzia hapo hapo 1050 Ti, lakini kwa prosesa wameandika i5-6600K, yako ni vizazi vitatu nyuma, unaweza kubahatisha ukiweka kila kitu chini lakini mimi siwezi kukuambia ununue gemu kwa kubahatisha. FC 26 ndio kabisa, inataka Secure Boot na TPM 2.0, vitu vya ulinzi vya ndani ya mashine, na 7010 ina TPM 1.2, kwa hivyo hata ukiweka kadi ya laki haitafunguka. Cheza FIFA 19, hiyo ilianzia i3-2100, ama eFootball ambayo ni ya bure, mabeshte watalalamika timu ni za zamani lakini si ni wao wanakuja kwako kucheza bure?

Siku ya kununua kadi usinunue iliyofungwa kwenye karatasi ya mapovu ati "iko sawa bro". Kadi feki za 1050 Ti zipo nyingi, mtu anachukua kadi ya zamani ya 2010 hivi anaibadilisha programu yake ya ndani ijiite 1050 Ti, na Windows inaamini. Dalili ya haraka ni tundu la VGA, lile la monita za zamani, hizi 1050 Ti za kweli hazitoi VGA. Halafu beba flashi yenye GPU-Z, ni programu ndogo ya bure, ikigundua uongo inaandika neno FAKE kabisa mbele ya jina. Iwashwe hapo dukani, ichezwe kitu kizito kama dakika ishirini, usikilize feni na uangalie kama skrini inatoa madoa. Muuzaji akisema hana stima ya kupoteza, kuna duka lingine mbele.

Vitu viwili vidogo watu husahau. Kama monita yako ni ya VGA utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kiingize kwenye hesabu. Na ukishaweka kadi, kebo ya monita inachomekwa kwa kadi, sio pale nyuma ulikuwa umezoea, nimepokea barua nyingi za "kadi haifanyi kazi" na shida ni hiyo tu. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine yako haiko kwenye orodha ya Windows 11, gemu zitaendelea kucheza, ila mambo ya benki na M-Pesa ya biashara yafanyie kwingine.

*Swali:* Mimi yangu ni HP EliteDesk 800 G1 ile nyembamba. Nimepata kadi za grafiksi za GT 1030 mbili, moja rahisi kuliko nyingine na zote ni 2GB. Si nichukue rahisi? – *Dada wa Kasarani*

*Jibu:* Dadangu, geuza boksi usome aina ya memori. Kuna GT 1030 ya GDDR5 na kuna ya DDR4, jina ni moja na uwezo si mmoja kabisa: ya kwanza inasukuma data 48GB kwa sekunde, ya pili haifiki 17. Hiyo rahisi huenda ni DDR4. Ikiwa ndiyo, iache. Na yoyote utakayochukua hakikisha ni ile fupi na inakuja na kibati kifupi cha kuishikilia nyuma ya kasha, kile kirefu hakiingii kwenye kasha lako na nimeona watu wakikikata kwa msumeno, usifike huko.

*Swali:* Mwanangu yuko Form Three, ana laptop ya mtumba na anataka nimpe pesa aweke "kadi ya gemu". Inawezekana kweli ama ananizunguka? – *Mama wa Rongai*

*Jibu:* Mama, kwa laptop za kawaida hiyo kadi hubandikwa kwenye madabodi kiwandani, haichomolewi wala haiongezwi, kwa hivyo kama anataka pesa ya kadi ya kuweka ndani muulize ataiweka wapi. Kinachowezekana kwa laptop nyingi ni RAM na SSD. Kama ina kijiti kimoja cha RAM, kuongeza cha pili kinasaidia hata gemu, kwa sababu grafiksi ya ndani inakopa RAM hiyo hiyo. Enda naye mwenyewe kwa fundi, ifunguliwe mkiona, kwa laptop zingine RAM nayo imebandikwa. Pesa umpe fundi, sio yeye.