Moyo wa mwanangu uko kulia, nifanyeje?

SWALI: Dokta shikamoo. Mwanangu ana miaka 6, kikohozi hakiishi, juzi tukampeleka eksirei, yule fundi akaigeuza geuza ile picha kwenye mwanga akidhani kaishika vibaya, mwisho akaniambia moyo uko kulia na ini kushoto. Silali. Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Marahaba Mama Zuhura, pole sana. Hiyo inaitwa situsi inversusi, viungo vya ndani vimekaa kama unavyoviona kwenye kioo, inampata kama mtu 1 kati ya 10,000, na sio laana wala hujakosea chochote ukiwa mjamzito. Wengi wanaishi kawaida kabisa, wengine mpaka uzeeni hawajui, maana kila kitu kimegeuka pamoja kwahiyo mabomba ya damu yanaungana vizuri.

Ila hicho kikohozi ndo kinanisumbua. Kama robo hivi ya watu wenye hali hii, vile vijinywele vidogo sana vinavyofagia makohozi kwenye njia ya hewa havichezi sawasawa, basi mafua na kikohozi haviishi na mapafu yanaharibika taratibu, kwahiyo mpeleke kwa daktari wa mapafu, usisubiri, na apigwe eko ya moyo pia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Halafu kila hospitali sema mapema, kidole tumbo kikivimba atalalamika kushoto na daktari asiyejua atapotea. Andika ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kliniki, kwa kalamu nyekundu.