Uvimbe ulikuwa kichwani, kwa nini wapime mgongo?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 7 alifanyiwa upasuaji wa kichwa wiki iliyopita. Majibu ya maabara yanasema ni meduloblastoma, aina ya saratani ya ubongo. Sasa wanataka kumpiga MRI ya uti wa mgongo wote, kisha wamtoe maji ya mgongo kwa sindano. Mgongo haumuumi na anatembea vizuri. Kuna haja gani ya kumsumbua tena?

JIBU: Pole sana, mama. Tafadhali usivikatae vipimo hivyo.

Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji yaleyale. Mwili hutengeneza takriban nusu lita yake kila siku, na yanazunguka muda wote. Meduloblastoma huota nyuma ya ubongo, upande wa chini, mara nyingi ikipakana na njia ya maji hayo. Seli zikibanduka huchukuliwa nayo hadi mgongoni, na nyingi hutua kiunoni, mfuko wa maji unakoishia. Huko huota kama punje, au hutanda juu ya mishipa ya fahamu. Punje ya milimita chache haibani kitu, kwa hiyo mtoto hasikii maumivu. Karibu theluthi ya watoto hukutwa ugonjwa umeshasambaa siku unapogunduliwa.

Majibu ndiyo yatakayoamua kiasi cha mionzi ya kutibu saratani atakayopewa baada ya upasuaji. Kwa mtoto wa umri wake, kama haujasambaa, ubongo na mgongo wote kwa kawaida hupewa grei (kipimo cha mionzi) 23.4. Ukiwa umesambaa ni 36, na tofauti hiyo ni kubwa kwa akili na kimo cha mtoto anayekua. Sitaki apewe pungufu ugonjwa ubaki, wala apewe ya ziada bure.

Ila ulizia tarehe. Picha ya mgongo hupendeza ipigwe kabla ya upasuaji, kwa sababu damu inayovuja baadaye inaweza kuonekana kama punje za saratani. Ikishapita nafasi hiyo, kwa kawaida tunasubiri siku 10 hadi 14. Maji nayo hutolewa baada ya wiki mbili, maana mapema mno huweza kubeba seli zilizotibuliwa na upasuaji wenyewe. Vipimo vyote viwili vinahitajika: kimoja huweza kukosa kilichoonwa na kingine. Visichelewe sana pia, kwani mionzi inapaswa kuanza ndani ya wiki nne hadi sita tangu upasuaji.

Miguu ikilegea, au akishindwa kukojoa, usingoje tarehe ya kliniki. Mrudishe hospitali siku hiyohiyo.