Hema la juu ya gari: jifunze kuegesha kwanza

Wanaoanza kulala juu ya gari huniuliza hema lipi ni zuri. Mimi huwauliza kama wanajua kuegesha. Kufungua hema ni dakika kumi tu, hata kama mara ya kwanza utatoka jasho. Ukiegesha vibaya, utakoma usiku kucha.

Ila kabla hujaondoka Dodoma, angalia uzito. Paa na keria vina namba mbili: uzito vinaoubeba gari likiwa mwendoni, na ule vinaoubeba likiwa limesimama. Ya pili ni kubwa zaidi. Hema langu lina kilo 62. Usiku tukipanda watu wawili mzigo unapita kilo 200, lakini gari limetulia. Inayokuhusu barabarani ni namba ya kwanza, na humo ujumlishe uzito wa keria yenyewe. Soma kitabu cha gari, usimtegemee aliyekuuzia hema.

Beba na spana. Lami ya Dodoma hadi Babati haina neno, ila ukiiacha pale Kolo, mbele ya Kondoa, kwenda kuona michoro ya miambani, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, njia inatikisa kila kilichofungwa. Safari yangu ya kwanza huko nilishuka, nikashika nati moja ya hema, ikazunguka. Kwa vidole! Siku hizi nakaza kabla ya safari, nakaza tena baada ya kilomita 50, na kila nikimaliza kipande cha vumbi.

Sasa kuegesha. Fika saa kumi na moja jioni, uione ardhi. Chukua chupa ya maji iliyobakiza nafasi ndogo ya hewa, ilaze kwenye sakafu ya buti. Kiputo kikikimbilia mbele, basi mbele ndiko juu. Tafuta jiwe bapa, lipandishe tairi la upande wa chini, kisha pima tena. Inaonekana kama mchezo wa watoto mpaka ulale kichwa kikiwa chini. Gari likikaa sawa, vuta handibreki na uzuie matairi kwa mawe.

Upepo wetu wa kiangazi unavuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hema la kukunjua, lile ambalo nusu ya sakafu yake hutokeza nje ya gari, upande ulioegemea gari ndio uukabili upepo. Upande wa ngazi na mlango uwe nyuma. Kinyume chake, turubai litakupigia makofi mpaka alfajiri.

Kivuli cha mbuyu kinavutia, najua. Lakini tazama juu kwanza: mabuyu huanguka, na kwenye matundu ya shina nyuki hupenda kuweka mzinga. Chini ya mgunga, miiba inayasubiri matairi. Na mchanga laini wa korongo kavu uogope kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua inaweza kunyesha mbali usiione, maji yakakufuata wewe.

Ngazi nayo si ya kupandia tu, ndiyo inayobeba nusu ya sakafu inayoning'inia nje. Miguu yake miwili ilingane, na kila kufuli la vipande vyake lilie "ta!" kabla hujakanyaga. Mimi niliwahi kuisimamisha kwenye mchanga mtupu. Saa nane za usiku mguu mmoja ukazama, sakafu ikainama, mwenzangu akabingirika mpaka juu yangu, akiamini fisi amepanda. Sasa natembea na vipande viwili vya ubao vya kuweka chini ya miguu hiyo.

Usiku usipande na chakula. Viatu vitie kwenye mfuko uuning'inize kwenye ngazi, maana nge hupenda viatu vilivyoachwa chini. Julai beba blanketi la maana, ila dirisha moja liache wazi kidogo. Ukifunga yote, pumzi zenu zitageuka maji chini ya godoro.

Asubuhi kama gari linatakiwa dukani, hema lazima likunjwe. Hakuna njia ya mkato, kwa hiyo nunua maji na mkaa jana yake. Usikunje mpaka umeinua godoro na jua limepiga chini yake. Ukilazimika kulikunja bichi, lifungue siku hiyo hiyo ukifika nyumbani. Langu nililisahau wiki mbili hivyo. Godoro nimelifua mara tatu, bado linanuka ukungu, na mke wangu ameshasema safari ijayo atalala gesti.