Mlo mmoja mzuri Bukavu, katikati ya wiki ya kazi

Dada, pole na kazi. Unasema una siku tatu za mikutano Bukavu, mji wa Kongo kando ya Ziwa Kivu, na jana ulingoja samaki mpaka njaa ikaisha. Samaki mzima wa makaa anaweza kuchukua saa nzima, maana makaa mengi huwashwa ukishaagiza. Kesho pigia mgahawa simu saa tisa mchana: taja ukubwa wa tilapia na saa utakayofika.

Ila kama ni mlo mmoja tu, mimi ningekushauri sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa. Waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo ndio ladha ya mji. Huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti sana, kwa hiyo wanapungua na unaweza kupewa wa juzi. Uliza wameingia lini. Waagize wakaangwe kwa mafuta mengi yenye moto, waletwe bila kufunikwa, kwani mvuke huwalegeza. Mmoja ukimkunja avunjike. Akipinda tu, mafuta hayakupata moto au amekaa jikoni. Ndimu kamulia mwenyewe mezani, kidogo kidogo. Bugali (ugali wa huko) na lengalenga (mchicha) vinatosha pembeni, pilipili kando.

Kuhusu malipo, noti ya dola iliyochanika hata kidogo huenda ikakataliwa. Chenji hurudi kwa faranga za Kongo, basi uliza kiwango chao cha kubadilisha dola kabla hujaagiza. Na simu ya ofisi, tafadhali, iache chumbani.