Mwalimu mpya, hayo madaftari unayapeleka wapi?

Ijumaa jioni nimemwona tena. Mwalimu mgeni, mwezi wake wa pili kazini, anatoka ofisini amekumbatia rundo la madaftari mpaka kidevuni, kalamu nyekundu tatu zimechomoza mfukoni. Nikamuuliza, "Yote hayo nyumbani?" Akanijibu kwa fahari: "Insha za Kiingereza, mwalimu. Jumatatu nawarudishia." Nikamfungulia mlango, nikanyamaza. Ule unyamavu umenikera wikiendi nzima, kwa hiyo nayasema hapa, wadogo zangu, muyasome kabla hamjanunua kalamu ya nne.

1. Usisahihishe kila kosa. Najua chuoni mliambiwa, na najua hamkuamini. Hata mimi sikuamini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na darasa la wanafunzi 52. Alhamisi, kengele ikiwa inalia, nikawatupia mada ubaoni: siku ambayo sitaisahau. Maandalizi hakuna, mjadala hakuna, andikeni mlete kesho. Wakaleta. Dakika 12 kwa kila insha ni dakika 624, zaidi ya saa 10, na hapo sijahesabu kuinuka kunyoosha mgongo. Nilikaa Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka usiku wa manane. Nilichomeka kila "a" na "the" iliyokosekana. Nilimrudisha mwanamke kila mama aliyeitwa "he", maana sisi "yeye" wetu ni mmoja na hatumuulizi jinsia. Nilipokuta sentensi imeparaganyika sikuhangaika kumwuliza mwenyewe alitaka kusema nini. Niliikata, nikaandika yangu juu yake kwa herufi ndogo safi. Kufika saa sita usiku nilikuwa sisahihishi tena. Nilikuwa natunga insha 52.

Jumatatu nikazirudisha. Kila mmoja alikimbilia ukurasa wa mwisho, akatazama alama, akachungulia ya jirani, akafunga daftari. Sekunde tano! Hasira zikanipanda, nikaamuru wote waandike upya. Wakaandika upya, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikabeba tena madaftari 52.

Katika rundo hilo la pili nikafika kwa kijana mmoja mpole wa dawati la nyuma. Nikakuta ameandika "I could not be able to speak." Nikapiga mstari mara mbili, nikamwandikia pembeni, kwa ukali, kwamba "could" na "be able to" zinafanya kazi moja, achague. Kesho yake akanifuata mlangoni, ameshika daftari kwa mikono miwili. "Samahani mwalimu, hii sentensi ni ya kwako." Akafunua insha ya kwanza. Mwandiko wangu, wino wangu mwekundu, sentensi niliyoitunga usiku wa Jumapili macho yakiwa yanafumba. Yeye wa watu alikuwa ameandika "I cannot speak", kosa la wakati tu, na mimi nikamwongezea la pili.

Nilimwambia "asante, kakae," basi. Sikumwomba radhi mbele ya wenzake, na jambo hilo bado linaniuma kuliko ile sentensi. Baadaye niliyapitia madaftari mengine nikaona ni yale yale: wamenakili maneno yangu kwa hati nzuri, bila hata mmoja kuuliza kwa nini. Nilikuwa nasahihisha mwandiko wangu mwenyewe na kuutolea alama.

Siku hizi nachagua jambo moja. Wiki hii wakati uliopita, basi. "The" iliyopotea naiacha ipotee. Nawaambia mapema, na juu ya ukurasa naandika nilichokiangalia, ili asije mzazi akadhani mwalimu hajui Kiingereza. Mwanzoni mkono utawasha. Wataalamu wenyewe wamelumbana: mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili kuachwe kabisa, na mwaka 1999 Dana Ferris akamjibu kwamba amekimbilia hukumu. Mimi sijafika kwa Truscott, ila usiku ule angenipata kirahisi.

2. Tumia vifupisho pembeni, mwanafunzi arekebishe mwenyewe. "T" kwa wakati wa kitenzi, "sp" kwa tahajia, na kadhalika, vitano vinatosha. Niliwahi kuwa na 19, na binti mmoja akaniuliza kama insha yake imehamishiwa somo la hisabati. Na toa dakika kumi za kurekebisha humo humo darasani. Ukiwaambia wakafanye nyumbani umeongea na ukuta.

3. Maoni leo, alama baadaye. Mtafiti Ruth Butler alilipima hili mwaka 1988: wanafunzi waliopewa maoni matupu waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na kuambatanisha maoni na alama hakukuwasaidia. Zile sekunde tano zangu zilikuwa zimeshanieleza.

4. Kazi iwe fupi. Aya moja ya sentensi nane inakuonyesha yote ambayo kurasa tatu zingekuonyesha.

5. Ongeeni kabla ya kuandika. Dakika 20 za mjadala, misamiati ubaoni, sentensi mbili tatu za kuanzia, mpangilio wa aya. Mnaziona kama kupoteza kipindi. Mimi niliziruka, nikavuna insha 23 zinazoanza na jua kuwaka na ndege kuimba, mojawapo ikiwa ni ya ajali ya usiku.

6. Wakiandika, usikae mezani kujaza andalio la somo. Zunguka. Neno moja sikioni wakati sentensi bado mbichi linamfaa kuliko mistari mitano ya wino siku nne baadaye.

7. Soma madaftari kumi kwanza. Makosa yanayojirudia, na yatajirudia, yaandike ubaoni myarekebishe pamoja. Umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Ficha mwenye kosa, na si jina tu, badilisha na habari yenyewe. Mimi nilifuta jina nikaacha shangazi aliyetumbukia mtoni, darasa zima likageuka kumtazama mwenye shangazi. Hakuandika kitu cha maana kwa wiki kadhaa, na sikumlaumu.

Wakisomeana wao kwa wao, wape swali moja: wapi hukuelewa? Ukiwaambia wasahihishane sarufi, wataharibu hata yaliyokuwa sawa. Wamejifunza kwetu.

Leo asubuhi yule mwalimu amerudi, macho mekundu kuliko kalamu zake. Nimemuuliza amefikia daftari la ngapi. La thelathini na moja, na kaomba nisimwambie mkuu wa idara. Nimemwambia yaliyobaki asiyafungue, ayalete darasani kipindi cha tatu. Nina nafasi, nitakwenda naye, na kalamu nyekundu azifungie kwenye droo.